Likizo Yangu ya Viwanja: Dar, Arusha, Nairobi, Kampala na Mwanza kwa Basi, Agosti 2025

Mimi ni muuguzi kwenye kituo cha afya, na ni shabiki wa mpira tangu nikiwa binti wa shule. Kazini hayo mawili hayapatani. Kila serikali inapotangaza fedha za uwanja, mwenzangu wa zamu huniuliza kwa sauti ya juu, mbele ya wagonjwa: "Hizo bilioni zingeletwa hapa, tungekosa glavu?" Huwa sina jibu la haraka. Kwa hiyo likizo yangu ya mwaka huu niliiunganisha na mashindano ya CHAN, yale ya mataifa ya Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, ambayo Tanzania, Kenya na Uganda tuliyaandaa pamoja, nikaenda kuviona viwanja vyenyewe na watu wanaovijaza. Haya nimeyaandika nikiwa nyumbani, kutoka kwenye daftari na picha za simu.

Jumamosi, 9 Agosti. Dar es Salaam

Taifa Stars na Madagascar, saa 2 usiku, Uwanja wa Benjamin Mkapa. Nilifika Chang'ombe saa 10 jioni maana barabara zote za kuelekea Temeke hufunga mapema siku ya mechi. Daladala ilitushusha mbali, tukamalizia kwa miguu katikati ya wauza jezi, mihogo ya kukaanga, kahawa na kashata. Kijana mmoja alinichora bendera shavuni kwa 1,000. Rangi ya njano ilinikaukia mpaka nikawa siwezi kucheka sawasawa.

Nilikaa mzunguko, pembeni ya mzee mwenye redio ndogo ya betri aliyoishikilia sikioni. Anaangalia mpira kwa macho na kuusikiliza kwa redio. Nilimuamkia, akaitikia "Marahaba, mwanangu," akasogeza mto wake mdogo wa kukalia nipate nafasi ya mkoba. Kabla ya mpira kuanza alininyooshea kidole upande wa Uwanja wa Uhuru, ule wa zamani, jirani kabisa.

"Mimi pale niliingia nikiwa mabegani kwa baba. Desemba ya mwaka 1961. Taa zilizimwa, zikawashwa, bendera ikawa nyingine."

Nikamuuliza kama anaukumbuka pia mwanzo wa huu tuliokalia. Anaukumbuka vizuri: ahadi ya Rais Mkapa, mkandarasi kutoka Beijing, fedha za China zikichanganywa na zetu, mpaka uwanja wa watu 60,000 ukafunguliwa mwaka 2007. Wakati ule, alisema, watu walilalamika kwamba ni mkubwa mno, nani ataujaza. Na juzi tu, mwaka 2023, serikali ikasaini mkataba mwingine wa shilingi bilioni 31 kuukarabati. Mzee alikuwa na hoja moja, akairudia mara tatu: kujenga si kazi, kazi ni kutunza.

Kisha Clement Mzize akafunga. Dakika chache baadaye akafunga tena. Mzize ni wa Yanga, na mbele yetu kulikuwa na safu nzima ya watu waliovaa nyekundu za Simba chini ya jezi za taifa. Waliruka kama sisi. Mzee aliiweka redio mapajani, akashika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akawa anautikisa tu bila neno. Madagascar walirudisha moja, tukaumaliza mchezo tukiwa tumekaa kwenye ncha za viti, 2–1, robo fainali mkononi.

*Kwa atakayekwenda Mkapa:* andaa kadi ya N-Card, ile ya tiketi za kielektroniki, mapema, usisubiri kuinunua getini. Chupa za maji hazipiti, kunywa kabisa nje. Na ukitoka usikimbilie bodaboda ya kwanza, bei huwa mara tatu. Tembea dakika kumi na tano na umati, kisha uulize.

Siku nne zilizofuata nilimalizia zamu zangu.

Alhamisi, 14 Agosti. Mbezi hadi Arusha

Basi la saa 12 asubuhi kutoka stendi ya Magufuli, nauli 45,000. Tulitoka saa 12 na dakika arobaini. Chalinze, Segera, machungwa ya dirishani Korogwe, mfuko 2,000. Mombo tulipewa "dakika kumi za kuchimba dawa na kula", chipsi kuku 8,000 ambayo nililazimika kuimalizia ndani ya basi.

Baada ya Hedaru tairi la nyuma lilipasuka. Tulikaa kwenye kivuli cha mbuyu mmoja kwa muda wa karibu saa mbili, upande mmoja Milima ya Upare, upande wa pili mkonge na vumbi. Mama mmoja wa Same aliyekuwa anarudi kutoka kliniki Dar alifungua kapu lake, akatugawia ndizi sisi sote wa safu ya nyuma, na mtoto wa jirani akampa mbili.

Pale chini ya mbuyu ndipo nilipofanya hesabu ambayo imekuwa ikinisumbua. Uwanja mpya wa Arusha, unaojengwa kwa ajili ya AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 2027, mkataba wake ni shilingi bilioni 286. Enzi za tozo za miamala ya simu, vituo vingi vya afya vilipewa milioni 500 kila kimoja. Gawanya. Nilipata 572. Nikaiandika kwa herufi kubwa katikati ya ukurasa, nikaizungushia duara.

Arusha tuliingia saa 2 usiku, baridi kali. Nyumba ya kulala wageni karibu na stendi, 25,000, maji ya moto yapo.

Ijumaa, 15 Agosti. Arusha

Bodaboda hadi Olmoti, 4,000 kwenda tu. Ndani hauingii bila kibali, lakini kutoka nje ya uzio unaona vya kutosha: nguzo na ngazi za majukwaa, winchi zikigeuka taratibu, na Meru kwa nyuma ikiwa imevaa wingu. Mkandarasi ni Wachina wa kampuni ya CRCEG, na uwanja utabeba watu 30,000 na ziada. Fedha ni za bajeti yetu wenyewe. Hakuna wa kumshukuru wala wa kumlaumu nje ya mipaka.

Nje ya uzio kuna mama lishe watatu chini ya turubai. Nilikaa kwa mmoja, nikala ugali, dagaa na mchicha kwa 2,500. Anauza sahani sitini kwa siku, na siku ya mshahara wa mafundi hufika tisini. Ameshamaliza kulipia ada ya mtoto ya kidato cha tatu kwa uwanja ambao haujafungwa hata kiti kimoja. Nilimuuliza itakuwaje ujenzi ukiisha.

"Hapo ndipo nisipopajua, dada. Mechi ziwepo. Zisipokuwepo, mimi na huu uwanja tutatazamana."

Kijana wa bodaboda alikuwa amejisogeza kusikiliza, akaongeza kwamba viwanja vya nyumba vya jirani vimepanda bei hadi ndugu zake wameshauza na kuhamia mbali. Alisema hivyo bila kinyongo, lakini nilimwona akiyatazama yale mabati kwa muda.

Nakiri nilikwenda Olmoti nikiwa na 572 kichwani, nikitaka kukasirika. Nilipouona ukubwa wa ile kazi, na vijana wetu juu ya vyuma wakiitana kwa vilugha vyao na Kiswahili, moyo ulinipanda. Yote mawili yalikuwa kweli kwangu saa ileile. Ninachokiogopa ni mwaka 2028. Arusha haina timu yenye mashabiki wa kujaza hata theluthi ya uwanja huo kila wiki, na nyasi hunyweshwa maji hata kama hakuna anayecheza.

Mchana nilipita Uwanja wa Sheikh Amri Abeid katikati ya mji. Umezungukwa na maduka ukutani, ukiwa nje unaweza kudhani ni soko. Umepewa jina la mshairi na meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na kama viwanja vingi vya mikoani, ni mali ya CCM. Hilo nitalirudia Mwanza.

Jumamosi, 16 Agosti. Namanga hadi Nairobi

Gari dogo la abiria, Noah, hadi Namanga 10,000, watu kumi kwenye nafasi ya saba. Mpakani ni jengo moja, dirisha la kutoka na la kuingia yanafuatana, dakika ishirini nimemaliza. Beba kadi ya homa ya manjano, mimi niliulizwa Namanga na Busia. Pesa badilisha ndani, dirishani. Wale vijana wa nje walinihesabia kwa kasi, ikabidi niwaombe waanze upya, wakapotea. Matatu hadi Nairobi KSh 700. Shilingi moja ya Kenya siku hizo ilikuwa kama 20 zetu.

Mwenyeji wangu ni shoga yangu, rafiki wa kike niliyesoma naye uuguzi. Alinipokea na chapati madondo, yaani chapati na maharage, kisha tukaangalia Stars na Jamhuri ya Afrika ya Kati kwenye televisheni: sare tasa, mechi ya kusinzia.

Jumapili, 17 Agosti. Nairobi

Asubuhi mapema alinipeleka Ngong Road, upande wa Jamhuri, kuuona uwanja wa Talanta ukiinuka. Nao ni wa watu 60,000, na nao unajengwa na Wachina. Lakini namna ya kuulipia ni tofauti na kote nilikopita. Kenya imekopa kwa wawekezaji wa ndani: hati fungani ya KSh bilioni 44.79, iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Nairobi Julai mwaka huu, miaka 15, riba ya asilimia 15.04. Marejesho yanatarajiwa kutoka mfuko wa michezo, ambao unalishwa na kodi za kamari.

Shoga yangu alisimama pale kando ya barabara, mikono kiunoni. "Ndugu yangu mdogo anabet kila siku. Kumbe anajenga stadium." Hakuwa anatania. Huyo kijana ameshauza simu mbili, na mama yao ndiye anayelipa madeni. Nilipiga picha ya zile nguzo, lakini picha ninayoiona nikifumba macho ni ya uso wake. Mimi kama muuguzi nimeshawapokea vijana waliokunywa sumu kwa sababu ya mikeka ya kamari. Uwanja unaolipwa kwa njia hiyo una deni jingine ambalo halimo kwenye hesabu za soko la hisa, na nadhani Wakenya wanaolisema hilo wanastahili kusikilizwa.

Kisha Kasarani, Kenya na Zambia, saa 9 alasiri. Kasarani ulijengwa kwa msaada wa China kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987. Baada ya watu wasio na tiketi kuvamia mageti kwenye mechi zilizopita, CAF, shirikisho la soka la Afrika, walikuwa wamepunguza mashabiki hadi 27,000 na kuruhusu tiketi za mtandaoni tu. Shoga yangu alikaa macho na simu mpaka akapata mbili. Jirani yake, ambaye hana simu ya kuperuzi, hakupata, ingawa amekwenda Kasarani tangu utotoni.

Thika Road ilikuwa nyekundu, kijani na nyeusi. Matatu iliyozoeleka kwa hamsini ilitaka mia, na tulilipa tukiimba. Nje ya mageti kulikuwa na watu wengi waliokuja bila tiketi kwa matumaini tu. Mama mmoja alikuwa amemvalisha mwanawe jezi ndefu kama kanzu, amemshika mkono, wanatazama ukuta. Kelele za ndani zinawafikia. Nilipita mbele yao nikiwa mgeni wa nchi nyingine, nina tiketi. Niliona haya, sikujua niseme nini, nikampa mtoto pipi.

Ndani kulikuwa na ngoma za isukuti kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sijawahi kukaa karibu na isukuti: haziingilii masikioni, zinaingilia kwenye mbavu. Wimbo wa taifa waliuimba kwa Kiswahili, na mimi Mtanzania nikajikuta nimesimama wima na machozi, maana maneno nayaelewa yote. Ryan Ogam alifunga kipindi cha pili, 1–0. Mzee aliyevaa kofia ya manyoya alimnyanyua shoga yangu juu kama gunia la mkaa, kisha akamwomba radhi: "Pole sana, madam, nimejisahau." Walikuwa 27,000. Majukwaa yalikuwa na mabaka matupu, na bado sikusikia nilichoambiwa sikioni.

*Kwa atakayefuata njia hii:* ukitoka Kasarani jioni jipe saa mbili kufika River Road. Basi la Kampala huondoka saa 2 usiku, nami nilifika saa 1 na dakika hamsini nikihema. Nauli KSh 3,000. Wanawake mnaosafiri peke yenu, ombeni viti vya mbele upande wa dereva, kondakta wengi wanaelewa na hawaulizi maswali.

Jumatatu, 18 Agosti. Kampala

Nililala hadi Busia. Saa 10 alfajiri tulivuka mpaka kwa miguu katikati ya malori, baridi na moshi. Baada ya Jinja kulipambazuka juu ya msitu wa Mabira, na Namawojjolo vijana waliovaa makoti ya namba walilizingira basi na mishikaki ya kuku na gonja, ndizi tamu za kuchoma. Paja UGX 5,000. Niliyekaa naye, mama Mganda anayeuza vitenge, alinikataza la kwanza nililolishika, akachagua mwenyewe, akanirudishia likiwa la moto. Kiswahili chake ni cha sokoni, Kiganda changu ni "webale" tu, lakini tulielewana mpaka kwenye masuala ya wakwe.

Namboole iko Bweyogerere, kabla hujaingia Kampala. Usiende hadi mjini kisha urudi kwenye foleni! Mwambie kondakta akushushe hapo, vyumba vipo Kireka. Mimi nililipa UGX 50,000, nikala rolex mbili, chapati za kuviringishia mayai, nikalala mpaka saa 9.

Uwanja huu wa Mandela ulifunguliwa mwaka 1997, nao kwa msaada wa China. Baadaye ulichakaa hadi ukafungwa, na waliokabidhiwa kuukarabati ni kikosi cha uhandisi cha jeshi la Uganda. Wapo wasiopenda jeshi kufanya kazi za kiraia, na hoja zao nimezisikia kwenye teksi, ndizo daladala za kwao. Getini nilipekuliwa na askari wa kike. Nilipojibu kwa Kiswahili alisita, akanitazama, kisha naye akahamia Kiswahili: "Dada umetoka Tanzania? Karibu. Hiyo dawa ya mafua chukua, lakini kifuniko cha chupa niachie." Alisema wenzake walichimba mitaro ya maji ya uwanja ule kwa mikono, na mvua ikinyesha hukimbia kuangalia kama maji yanapita. Mkono mmoja umeshika mkoba wangu, mwingine ananionyesha mtaro ulipo. Nikamkumbuka yule mzee wa redio.

Uganda na Afrika Kusini, saa 2 usiku. Uganda walitangulia, tukapiga kelele. Baada ya mapumziko wakafungwa mawili ndani ya dakika chache, na karibu na mwisho la tatu. 3–1. Watu wakaanza kuondoka, safu yetu ikabaki na mapengo. Mama wa vitenge, aliyekuwa amenitafuta mpaka akanipata jukwaani, alikuwa anafunga mkoba.

Dakika ya 88, penalti, Allan Okello akafunga. Alifungua mkoba tena. Katika dakika za nyongeza mwamuzi akaenda kwenye skrini, na uwanja ule wote, watu waliokuwa wanapiga kelele tangu jioni, ukanyamaza nikasikia jenereta. Penalti nyingine. Rogers Torach. 3–3.

Waliokuwa wameondoka walirudi wakikimbia kwenye ngazi, wakipishana na wanaoshuka kusherehekea. Mmoja alifika kwetu akiwa na ndala moja, ya pili ameiacha huko getini, anauliza, "Nani amefunga? Nani amefunga?" na hakuna aliyeweza kumjibu. Nilikuwa nimemshika mtoto wa mtu, mpaka leo sijui nilipewaje. Anacheka, meno mawili. Uganda kileleni mwa kundi, Afrika Kusini nje.

Usiku huo nililifungua daftari kwenye ile 572. Sikuifuta. Chini yake niliandika: *Na hiki tunakinunua wapi?* Bado sina jibu ninaloweza kumpa mwenzangu wa zamu, lakini swali hilo sasa naliweka mezani bila kuona aibu.

Jumanne na Jumatano, 19–20 Agosti. Bukoba hadi Mwanza

Kampala hadi Bukoba kupitia Masaka na Mutukula, UGX 60,000, siku nzima na hakuna la kusimulia zaidi ya ziwa na kahawa ya kutafuna. Kesho yake Bukoba hadi Mwanza, 30,000. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni, kilomita tatu juu ya maji, tumevuka kabla sijamaliza kupiga picha. Kivuko kile nimeshawahi kukisubiri saa nne nikiwa na mgonjwa kwenye gari. Abiria waliokuwa wamelala waliamshana kuangalia.

Jioni nilikwenda CCM Kirumba. Majukwaa ya zege, nyumba kati ya mawe kule juu, upepo wa ziwa, watoto wa akademia wakikimbia na koni zilizokatwa kutoka vidumu vya mafuta. Mlinzi, mzee wa makamo ya baba yangu, aliniruhusu nikae.

Viwanja hivi vilijengwa enzi za chama kimoja, kwa michango na nguvu za wananchi, wakati chama na serikali vilikuwa mfuko mmoja. Vyama vingi vilipokuja mwaka 1992, viwanja vilibaki kwa chama. Sasa kila bajeti ya michezo mjadala hurudi: fedha za serikali ziingie kwenye mali ya chama, au chama kivirudishe kwa halmashauri? Mlinzi alisikiliza swali langu, akalitafakari, akaugonga ukuta wa zege kwa kiganja.

"Marehemu kaka alibeba kokoto hapa. Kadi ya chama hakuulizwa, aliulizwa koleo liko wapi."

Mimi msimamo wangu ni huo wa koleo. Kilichojengwa na wote kirudi kwa wote, kisha fedha ya umma imwagwe humo bila kigugumizi. Vyoo vianze. Katika kimoja cha viwanja nilivyopita safari hii, ambacho sitakitaja, choo cha wanawake hakikuwa na maji wala mlango, tukasimamiana zamu na khanga. Dada zangu, khanga isikose mkobani.

Alhamisi na Ijumaa, 21–22 Agosti. Dodoma hadi Dar

Mwanza–Dodoma kwa basi 45,000, siku ya kuchosha. Asubuhi treni ya SGR, 31,000, nikafika Dar kabla ya chakula cha mchana na miguu bado imevimba. Nauli zote kubwa nilizolipa, nikizigeuza kwa fedha yetu, zimefika kama 277,000, bila bodaboda na daladala za mijini.

Jioni Mkapa tena, robo fainali na Morocco. Binamu alikuwa ameninunulia tiketi. Nilimtafuta mzee wa redio upande uleule, sikumwona. Tulifungwa 1–0. Kabla ya mechi yetu kuanza, shoga yangu wa Nairobi alishanipigia: Kenya wametolewa na Madagascar kwa penalti, Kasarani watu wamekaa chini hawataki kuondoka. Nami baada ya filimbi yetu nilikaa. Kijana wa usafi alipita na gunia, akaokota makopo safu kwa safu, alipofika kwangu akaniambia, "Kaa tu dada, nitakuruka."

Jumamosi, 23 Agosti

Zamu ya usiku. Mwenzangu alikuwa ameshapanga glavu mezani, boksi moja na nusu, akaniuliza viwanja vipoje. Nikamwonyesha 572. Akaitazama muda mrefu, kisha akaniomba nimuelezee lile bao la mwisho la Namboole, nikamuelezea mpaka la mtu wa ndala moja.

Saa 4 usiku simu ikaita ujumbe wa sauti kutoka kwa mama wa vitenge. Senegal wamewatoa Uganda kwa bao moja, wenyeji wote watatu sasa tuko nje. Lakini yeye hakusema hata neno. Alikuwa ameinua simu ndani ya teksi iliyojaa, inayotoka Bweyogerere, na watu walikuwa wanaimba. Niliurudia mara ya pili, mwenzangu akiwa ameinamia simu pamoja nami, na hapo mlango ukagongwa, mama mwenye mtoto wa homa.